Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mamlaka ya Mahakama ya Kuongeza Washtakiwa

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wasaidizi wa kisheria, Moshi,

Hesabu za mwaka mmekwisha kuzipokea kutoka kwa mweka hazina, kwa hiyo taarifa yangu inahusu jambo lililochukua sehemu kubwa ya vikao vyetu vya mafunzo: je, mahakama inaweza kumwita kizimbani mtu ambaye polisi hawakumfikisha, ilhali kesi imekwisha kuanza kusikilizwa? Swali lilitoka kwenu, ninyi mnaoulizwa na wafiwa kwa nini shahidi ametaja jina mbele ya hakimu na mwenye jina angali yuko nyumbani kwake.

Tulianza na India, kwa kuwa kanuni yake ya mwenendo wa kesi za jinai ya mwaka 1898 ndiyo iliyotumika Tanganyika katika miaka ya 1920, kabla hatujatungiwa yetu. Kanuni ile iliruhusu kuongeza washtakiwa kutoka miongoni mwa waliohudhuria mahakamani tu; ile ya mwaka 1973, katika kifungu cha 319, ikamfikia hata asiyehudhuria, na tangu Julai 2024 mamlaka hayo yamo katika kifungu cha 358 cha sheria mpya. Mwaka 2014, katika shauri la Hardeep Singh, majaji watano wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba ushahidi wa kumwingiza mtu kwa njia hiyo lazima uwe mzito kuliko ule unaotosha kumsomea mshtakiwa mashtaka, ingawa si lazima ufikie kiwango cha kumtia hatiani. Naona hapo ndipo penye uzito wa jambo zima, maana jina huweza kutajwa kwa chuki ya mirathi au ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na sisi wa huku tunazijua chuki hizo. Aliyeongezwa husikilizwa upya, mashahidi wakirudia ushahidi wao mbele yake. Mwaka 2022, katika shauri la Sukhpal Singh Khaira, mahakama hiyo ilisisitiza kwamba amri ya kumwita itolewe kabla ya adhabu kutamkwa, au kabla ya mshtakiwa wa awali kuachiwa huru.

Kwetu, mahakama yaweza kuamuru hati ya mashtaka yenye kasoro irekebishwe, lakini uamuzi wa nani ashtakiwe Ibara ya 59B ya Katiba imeuweka mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Binafsi natamani Bunge lilitazame suala hili, mradi kipimo kile kizito na haki ya kusikilizwa upya viandikwe ndani ya sheria yenyewe.

Kwa sasa nawaomba msiwaache wafiwa wakisubiri siku ya ushahidi. Mkisikia jina ambalo halimo katika hati, wasindikizeni mapema kwa mwendesha mashtaka wa kesi, wakiwa na majina ya walioshuhudia, mahali na saa, nanyi mtunze nakala ya maelezo hayo kwa katibu.