Kabla hatujawacheka waliopata F ya fizikia

Mhariri,

Kila Januari matokeo yakitangazwa, benchi la nje ya duka langu hugeuka bunge. Nauza dawa hapa Majengo, Moshi, mwaka wa kumi na moja sasa. Benchi lenyewe nililiweka kwa ajili ya wagonjwa, wazee wa kahawa wakalichukua, nami sikuwa na ubavu wa kuwaondoa. Mwaka huu hoja ilikuwa ile ile: watoto wa siku hizi vichwa vitupu, fizikia F, kemia F, enzi zetu bwana! Mzee mmoja mstaafu, mtu wa heshima zake, akaapa kwamba mtihani wa leo angeufanya amefumba macho.

Nikamwambia, "Mzee wangu, hebu yafumbue kidogo utazame mlimani." Jioni ile mawingu yalikuwa yamefunguka, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kinaonekana chote. "Kule juu ni karibu na jua kuliko hapa tulipokaa. Mbona barafu iko kule, na sisi huku chini tunajipepea?"

Majibu yalikuja kwa fujo. Wa kwanza akasema ni upepo. Wa pili akasema ndivyo Mungu alivyopanga, jibu ambalo halina ubishi ila halina msaada. Kijana mmoja mwenye shahada, ya biashara lakini shahada, akatuambia barafu ile ni ya zamani sana, ndiyo maana haiyeyuki upesi. Mstaafu wetu akaagiza kahawa nyingine.

Aliyejibu ni binti wa jirani, aliyetumwa panadol ya bibi yake. Akaamkia, akasimama akisubiri chenji, kisha akasema taratibu: "Jua linapasha ardhi kwanza, halafu ardhi ndiyo inapasha hewa. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, inapoa." Basi. Akachukua chenji yake.

Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha ya dawa ili wazee waone. Mji wetu uko kwenye mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, Kibo ni mita 5,895. Tofauti ni kama kilomita 5. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi. Kwa hiyo anayepanda Kibo amelisogelea jua kwa kiasi cha mtu anayedaiwa shilingi milioni 30 akalipa shilingi moja. Upande wa pili, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 kila kilomita unayopanda. Hapa mjini kukiwa na nyuzi 25, toa 30, unabaki na hasi 5. Ni hesabu ya shule ya msingi, na mlima tunao kila siku.

Sasa sikia, Mhariri. Yule binti upimaji wa Kidato cha Pili alipata D ya fizikia. Nilimuuliza ilikuwaje, mwanangu, na jambo unalijua hivi? Akasema swali alilielewa, ila kulieleza kwa Kiingereza ndipo maneno yalipomkimbia, akaandika mistari miwili akaacha. Huyu Darasa la Saba alisoma usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, akauelewa mpaka anamfundisha mdogo wake. Alipoingia sekondari akaukuta mmea ule ule, jani lile lile, kwa lugha nyingine, ikabidi aanze kukariri tahajia kabla ya kurudi kwenye jani. Sisemi Kiingereza kifutwe. Nasema tukiiona ile D tuulize imepima nini. Kwangu mimi imepima zaidi lugha, na wazee wa benchi wakaisoma kuwa ni akili.

Isitoshe alama zenyewe tunaziamini kupita kiasi. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012 tunayakumbuka: yalipotoka Februari 2013, asilimia 60 hivi walipata daraja sifuri, nchi ikazizima, tume ikaundwa. Miezi michache baadaye matokeo yakafutwa, yakapangwa upya, waliofaulu wakaongezeka. Watoto ni wale wale na karatasi zao zilikuwa zimeshakusanywa. Walikuwa wajinga Februari, wakaerevuka Mei?

Nirudi dukani, maana huko ndiko ninakoumia. Wiki haipiti bila mtu mzima kuniomba "vile vya rangi mbili", yaani vidonge vya antibayotiki, kwa ajili ya mafua. Mafua husababishwa na virusi, na antibayotiki haziui virusi, zinaua bakteria. Nikieleza hivyo naonekana nina roho mbaya, au sina mzigo dukani. Mama mmoja, mwalimu, na si wa chekechea, aliniambia, "Dada, wewe uza tu, mwili wangu naujua mwenyewe." Akaenda duka la pili, na akapata. Vidonge hivyo vikitumiwa ovyo, bakteria wanaobaki ni wale sugu, na siku mtoto akipata nimonia ya kweli dawa inagonga mwamba. Hilo nalo lipo kwenye baiolojia ya sekondari. Nani amefeli hapo?

Wala tusidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Mwaka 2012 Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani uliwauliza watu wazima wa huko maswali mepesi, na kama robo yao hawakujua kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Kwenye lile la antibayotiki na virusi, karibu nusu walikosea. Hao ndio waliokwenda mwezini. Na ukiwasikiliza watu wetu Julai, kila mwenye koti anakwambia baridi imekuja kwa sababu jua limeenda mbali. Ni kweli mwanzoni mwa Julai dunia huwa mbali zaidi na jua, kilomita milioni 152 dhidi ya 147 za Januari. Lakini mwezi huo huo London ni kiangazi. Mhimili wa dunia umelala upande, jua linakuwa limeelemea kaskazini, na sisi juu yake tunaongezewa mawingu ya mlima.

Mweka hapo juu, kwenye chuo cha wanyamapori, aliwahi kusoma Erasto Mpemba. Mwaka 1963 akiwa Kidato cha Tatu, Magamba kule Lushoto, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, akaona yanaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu mwingine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, darasa likapata la kuchekea. Akamuuliza Dakta Denis Osborne aliyetoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Yeye hakucheka, alikwenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na wanasayansi hadi leo wanabishana kuhusu jambo lile linalobeba jina la kijana wetu. Ripoti yake ya fizikia siijui ilikuwaje, na sidhani kuna anayeiulizia.

Ombi langu ni dogo. Kwenye ukurasa wa michezo, pale chini ya msimamo wa ligi, wekeni kila wiki swali moja la sayansi la Kidato cha Pili, kwa Kiswahili, na jibu lake wiki inayofuata. Mimi nimeshaanza: nimebandika moja mlangoni, linauliza kwa nini chakula huchelewa kuiva ukipika mlimani. Mpaka leo majibu yaliyo sahihi ni mawili, na yote yameletwa na waliovaa sare.

Muuza dawa,
Majengo, Moshi