Idi Mubarak kwa wanawake wote, walioitwa mapema na waliochelewa kuitwa

Dada zangu, mama zangu, mashangazi na mabinti: Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu azitakabali funga na swala zetu, awarehemu wale tuliofuturu nao mwaka jana na mwaka huu hatunao, na awafikishe salama mlio barabarani kuelekea Bombo, Arua, Jinja, Mbale na Nakivale kula sikukuu na jamaa zenu. Nanyi wenzetu Wakristo ambao bado mko kwenye Kwaresima, mliokaa nasi mkekani wakati wa futari, Mungu awalipe. Sahani yenu ipo, na msipoifuata italetwa.

Mwaka huu Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi, ilituangukia ndani ya Ramadhani. Hapa Uganda siku hiyo ni ya mapumziko, na kama kawaida kulikuwa na maandamano, fulana za kaulimbiu na hotuba ndefu. Nawashukuru waliojitokeza. Lakini tangu siku ile nina jambo linanikereketa kooni, nami naona leo ndiyo siku ya kulitoa, maana leo tunapeana mikono na kusafishiana nyoyo.

Nasema hivi: katika harakati zetu za kutetea haki za wanawake kuna wanaoitwa mapema, na kuna wanaoitwa mambo yakishaiva. Wa kwanza huamua, wa pili hupigwa picha. Sisi Waislamu jambo hili la wakati tunalielewa vizuri. Zakatul-fitri, zaka ya chakula inayotolewa Ramadhani inapoisha, hutakiwa imfikie mwenye haki yake kabla ya swala ya Idi; ukiichelewesha ukaitoa baada ya swala, huhesabiwa sadaka kama sadaka nyingine. Mchele ni uleule na kipimo ni kilekile, ila wakati umepita, na maskini ameamka siku ya sikukuu hana cha kubandika jikoni. Kumshirikisha mwanamke katika harakati nako kuna wakati wake: kabla ajenda haijaandikwa, kabla fedha hazijagawanywa.

Wanawake weusi wa Marekani waliyaonja haya zamani. Tarehe 3 Machi 1913, wanawake walipoandamana Washington kudai haki ya kupiga kura, Ida B. Wells, mwandishi wa habari aliyefichua jinsi makundi ya wazungu yalivyokuwa yakiwaua watu weusi, aliambiwa akatembee nyuma na weusi wenzake ili wazungu wa kusini wasiudhike. Alikataa. Alisubiri kati ya watazamaji, na wajumbe wa jimbo lake la Illinois walipopita, akaingia katikati yao akaendelea na safari. Haki hiyo ilipoingizwa kwenye katiba mwaka 1920, wanawake weusi wengi wa majimbo ya kusini waliendelea kuzuiwa hadi ilipopatikana sheria ya mwaka 1965.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Emma DeGraffenreid na wenzake wanne, wanawake weusi waliofanya kazi katika kampuni ya magari ya General Motors. Kabla ya mwaka 1964 kampuni hiyo karibu haikuajiri wanawake weusi kabisa. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1970 ikapunguza wafanyakazi kwa kuanzia na walioingia mwisho, na walioingia mwisho ndio hao. Wakaenda mahakamani. Mwaka 1976 mahakama ikawaambia kwamba kampuni imeajiri wanawake, kwa hiyo hawakubaguliwa kwa ajili ya jinsia yao. Na kama ni suala la rangi, basi wakaungane na kesi ya weusi wenzao. Tazameni sasa. Wanawake walioajiriwa walikuwa wazungu, kazi zao za ofisini. Weusi walioajiriwa walikuwa wanaume, kazi zao za kiwandani. Mwanamke mweusi akakosa pa kuhesabiwa. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliitumia kesi hiyo kuonyesha kwamba dhuluma mbili zinaweza kumwangukia mtu mmoja kwa wakati mmoja, na sheria inayozitazama mbalimbali ikampita bila kumwona.

Kila nikikumbuka kesi ile namwona mama Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kwenye vikao vya wakimbizi, wasemaji ni wanaume. Kwenye vikao vya wanawake, wasemaji ni sisi wenye vitambulisho vya taifa. Yeye atasemea wapi?

Nilihudhuria mkutano mmoja wa wanawake katika hoteli hapa Kampala. Mama mmoja fundi cherehani aliletwa kutoka kambini kutoa ushuhuda. Alieleza kwa Kiswahili jinsi alivyovuka mpaka usiku na mtoto aliyempoteza njiani, na msichana aliyeketi kando yake akawa anatafsiri kwa Kiingereza mbiombio, akiruka mengine. Ukumbi mzima ulilia. Baada ya chai ikafika saa ya mapendekezo, kwa Kiingereza kitupu, na yule mama alikuwa nje kwenye foleni ya kusaini nauli. Nilimfuata nikamuuliza, yeye angependekeza nini. Hakusita hata kidogo. Alisema vyerehani wanavyopewa huletwa bila fundi wa kuvitengeneza vikiharibika. Alisema semina hupangwa siku ya mgao, kwa hiyo anayekwenda semina anahatarisha chakula cha wanawe. Na alisema mikopo hudai dhamana ya ardhi, wakati mkimbizi hapa Uganda hupewa kipande cha kulima, si cha kumiliki. Alikuwa bado anaongea jina lake lilipoitwa, akaenda kuchukua nauli. Hakuna hata neno moja la hayo lililoingia kwenye ripoti. Kilichoingia ni machozi yake, pamoja na picha.

Hilo ndilo lililonikaa kooni. Tunawalaumu wazungu, tena kwa haki, kwamba walimtaka mwanamke wa Kiafrika awe mfano wa mateso na si mtu wa kutoa shauri. Na sisi wenye elimu, tunaosema Kiingereza na Kiganda safi, tunamfanyia vilevile mwenzetu mwenye rangi ileile yetu.

Na wanaodhani mambo ya rangi ni ya Ulaya na Marekani pekee, watazame nyuma kidogo. Miaka ya 1940 wanawake wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika waliunda pamoja Baraza la Wanawake la Uganda. Pumla Kisosonkole, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeolewa hapa, alikuja kuliongoza, na mwaka 1956 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria. Katika bunge la uhuru la mwaka 1962 alikuwemo Sugra Visram, Mwislamu mwenye asili ya Kihindi, aliyevaa gomesi, vazi la wanawake wa Kiganda, na kukisema Kiganda kama mwenye nacho. Miaka kumi baadaye Rais Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, naye akaondoka. Ukoloni ulikuwa umewapanga watu kama yeye juu ya Mwafrika. Serikali ya Mwafrika ikaja kuwatoa nje ya mlango. Na sisi Wanubi, wazao wa askari walioletwa kutoka Sudan enzi za ukoloni, tulipendelewa kwa sababu ya bunduki za waume zetu, kisha mwaka 1979 Amin alipong'olewa, mabibi zetu wakakimbia na watoto mgongoni kuelekea Sudan na Zaire. Kwa hiyo nisikieni vizuri ninapotaja upendeleo: simtukani mtu. Nataja mahali mtu aliposimama leo, ili ajue ni nani yuko nyuma yake.

Wako waliochoka kungoja kukaribishwa wakajenga kwao. Shirika la Akina Mama wa Afrika lilianzishwa Uingereza mwaka 1985 na wanawake wa Kiafrika waliokuwa wakiishi huko, na leo makao yake yako hapa Kampala. Najivunia sana historia hiyo. Lakini si kila mwanamke ana nafasi ya kuanzisha shirika, na mama wa cherehani hapaswi kulazimika kuanzisha lake ndipo asikilizwe.

Ombi langu la sikukuu, hasa kwenu mlio kwenye ofisi za mashirika: Machi ijayo iko mbali, waiteni sasa akina mama kama yule wa cherehani. Kabla hamjamwandikia mfadhili, waulizeni wao tarehe gani inawafaa. Mlipeni mkalimani kama mnavyomlipa mwezeshaji, na mapendekezo yasomwe kwa lugha ya walioyatoa. Na kwenye kamati ya fedha awemo mmoja wao, mwenye kura kama wengine.

Mlio karibu na Kampala, tukishamaliza funga ya siku sita za Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, karibuni nyumbani. Tutazungumza Kiswahili, wenye Kinubi, Kiganda na Kinyarwanda watatafsiriwa, mkalimani nimeshamwomba. Ajenda haijaandikwa, tutaiandika tukiwa wote. Njooni na watoto, chakula kitatosha.

Idi njema, na kullu am wa antum bikhair.