Usikiruke kidonge cha usiku

Michenzani, Unguja

Shoga yangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Sie huku wazima, joto tu linatukalifisha. Mwanangu kanambia uliyomwambia kwenye simu: kidonge cha usiku leo unameza, kesho unaruka, maana hujisikii vibaya na kiboksi kinapungua. Nimekasirika, bora nikuandikie kuliko kukupigia.

Kutojisikia vibaya si ushahidi, shoga. Ile figo uliyopandikizwa ni ya kaka yako, na mwili wako hautaizoea hata mkae nayo miaka 20. Mgeni ni mgeni. Takrolimasi, hicho kidonge chako cha kuzuia mwili usiikatae figo, ikishuka kwenye damu, askari wa mwili huanza kuishambulia kimya kimya. Haiumi. Miguu ikija kuvimba na mkojo ukapungua, kazi imeshafanyika zamani. Tena mwili ukishajifunza kuikataa hiyo, hata kupata nyengine itakayokubaliana nawe huwa taabu. Ndiyo maana wanakupima kreatinini, ule uchafu wa damu unaoonesha figo inavyofanya kazi, ukiwa unajiona mzima. Na siku ya kupimwa kiwango cha dawa, ya asubuhi usiimeze nyumbani. Nenda nayo, wakishatoa damu ndiyo umeze.

Boti na kulala Dar kwa ajili ya kliniki kunachosha, najua. Lakini kabla ya Novemba 2017, hospitali ya Muhimbili walipopandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, watu walikuwa wakiifuata India. Dawa zikikaribia kwisha waambie kliniki mapema, usizigawe wewe.

Ramadhani nayo hiyo inakuja. Kutoka daku hadi magharibi ni zaidi ya saa 13, na dawa yako ni kila baada ya saa 12. Zipo za kumeza mara moja kwa siku, ila daktari ndiye wa kukubadilishia, na lazima akupime upya. Akikwambia usifunge, usifunge. Mgonjwa ana ruhusa yake katika Suratul Baqara, na sitaki kusikia majirani watasema nini. Mabalungi ya futari pia yaache: yanaipandisha dawa kwenye damu mpaka inaidhuru hiyo hiyo figo. Mizizi ya dawa ya mama mkwe, mshukuru, kisha uiweke kabatini.

Kijana wa shemeji yangu anavuka Dar Jumatatu. Nitumie picha ya cheti cha daktari leo leo, akuulizie na bei ya dawa.

Shogayo,
Mama Khalfani