Barua kwa binti yangu: kichwa cha shule ulikuwa nacho

Kisangani

Mwanangu mpenzi,

Nilipokuja kwako Desemba nilikusikia ukimbembeleza mjukuu wangu aliyekuwa akililia daftari lake la hesabu. Ulimwambia, "Nyamaza mama, hata mimi sikuwa na kichwa cha shule." Nilikuwa jikoni nachambua mchele, mikono ikasimama. Sikutoka kusema neno, na tangu siku ile sina raha. Maneno hayo si yako. Mimi ndiye niliyekuvika, nawe umeyavaa miaka yote hii.

Unakumbuka baba yako aliondoka na boti Julai 1998, akashuka mto Kongo hadi Kinshasa kama kawaida yake. Tarehe 2 Agosti uasi ukaanza Goma, na kabla mwezi haujaisha waasi, pamoja na askari wa Rwanda na Uganda, walikuwa wamekwisha kuingia Kisangani. Mto ukafungwa. Ulikuwa na miaka tisa. Uliniuliza mto unafungwaje, mbona maji tunayaona yanakwenda? Baba yako alikuwa upande wa serikali, sisi upande wa waasi, na maji yaleyale yakipita kwetu kwenda kwake.

Jiji letu lilikuwa likila kwa mto. Chumvi, sabuni, mafuta ya taa, vitenge, vyote vilipanda na boti. Sasa vikaja kwa ndege, na bei ikawa ya ndege. Magari yakalala kwa kukosa mafuta, vijana wakaanza kubeba watu kwa baiskeli, ndipo tulipozoea toleka. Chumvi tulinunua kwa kijiko, imefungwa kwenye kipande cha karatasi. Karatasi ile hukuitupa. Uliitumbukiza kwenye sufuria ya sombe, majani ya muhogo, mpaka ilowe, halafu ukaitoa.

Septemba 1999 zamu ya minervali, ada ya shule, ikafika. Walimu walikuwa hawalipwi na serikali, wazazi ndio tuliowalipa. Nilikuwa na fedha za watoto wawili, na nyinyi ni watatu. Nilikaa usiku kucha na noti zile mapajani. Asubuhi nikakwambia wewe upumzike mwaka mmoja.

Kwa nini wewe? Nitakueleza bila kujipamba. Kwanza kwa kuwa ulikuwa msichana, na nilikuwa nimelelewa hivyo. Hilo linaniuma. Lakini sababu kubwa ni kwamba kaka yako nikimtuma sokoni alirudi na chenji pungufu, na wewe hukupungukiwa hata siku moja. Ulijua dola imeamka na faranga ngapi kabla ya wabadilishaji fedha hawajakaa vizuri kwenye viti vyao. Nilihitaji mtu wa kuuza kwanga, mikate yetu ya muhogo, nami nibaki nyumbani nikitwanga na kufunga. Nilikutoa shule kwa sababu ya akili yako, mama. Ungekuwa mzito, ungebaki darasani.

Mwaka mmoja ukawa miaka.

Baba yako tulimwandikia kwa zile karatasi za Msalaba Mwekundu. Ukurasa mmoja, haufungwi, unasomwa kabla haujafika, na ruhusa ni habari za familia tu. Usitaje askari, usitaje bei. Niliandika: "Sote wazima. Watoto wote watatu wanasoma." Niliogopa moyo wake ungevunjika akiwa mbali, hana la kufanya. Nilijiambia nitasahihisha akirudi.

Halafu ikaja Jumatatu ile, tarehe 5 Juni 2000. Waganda walikuwa ng'ambo ya mto Tshopo, Wanyarwanda upande wa mjini, na sisi wa mtaa wa Tshopo tuko katikati. Walikuja kama marafiki wa vita vimoja, sasa wakapigania jiji letu, na kila mtu alijua almasi zimo katika ugomvi. Siku sita. Baadaye Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa. Mimi nilijua nyuso za baadhi yao, na sitaandika habari zao hapa.

Nyumbani tulikuwa watu 11, sisi na majirani ambao paa lao lilikuwa limekwenda. Umeme hakuna, bomba kavu. Chakula kilichokuwapo ni kwanga 40 tulizofunga Jumapili kwa ajili ya soko. Watu wazima walikuwa wakisali na kulia. Wewe ulitambaa ukavuta kikapu chini ya kitanda, ukasema tusile zaidi ya nne kwa siku, tutafika siku kumi. Ukakata kila kwanga vipande vitatu: vipande 12, watu 11, na cha kumi na mbili ukampa mdogo wako. Miaka 11 ulikuwa nayo! Mabomu yakipita juu ya bati, wewe unagawanya. Baba wa jirani alinishika mkono akaniambia, "Mama, huyu mtoto arudi shule." Nikamjibu ndiyo. Sikufanya.

Mwaka 2003 mto ukafunguliwa, baba yako akarudi. Jioni ya kwanza aliomba kuona matokeo yenu ya shule. Kaka yako akaleta yake, mdogo wako akaleta yake. Ulinitazama. Nami nikasema, "Huyu shule ilimshinda." Niliona aibu ya ile karatasi ya Msalaba Mwekundu, nikaisukumia kwako. Baba yako alinyamaza, wewe ukainama kuchochea moto, na hukunikanusha siku ile wala siku yoyote. Alifariki akiamini hivyo. Yeye sina namna ya kumsahihishia.

Nisamehe, ukiweza. Ukishindwa nitaelewa. Ila mwambie mjukuu wangu ukweli, na ukitaka umsomee barua hii yote.

Mdogo wako anakuja kwako wiki ijayo, nimempa bahasha. Ndani mna daftari lako la mauzo, nililitunza ndani ya kitenge. Mwandiko ni wako wa miaka 11. Ukurasa wa mwisho una siku zile sita: Jumatatu zimebaki 36, Jumanne 32, Jumatano 28, Alhamisi 24, Ijumaa 20, Jumamosi 16. Hakuna kosa hata moja. Pembeni mwa Alhamisi umeandika kwa herufi ndogo: "Mama anasema ameshiba. Si kweli."

Mama yako