Harambee ya Vipimo vya Mwanakwaya Wetu, Jumapili Baada ya Ibada ya Pili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Binti yetu wa sauti ya pili, yule anayeimba akijifunika kidevu kwa ncha ya kanga, ametukubalia tuwaeleze habari zake. Jina tunaliacha; hapa Makambako mnamfahamu.

Ni fundi cherehani. Zamani akikupima alibana pini midomoni huku anacheka. Siku hizi midomo haifungi vizuri, pini anazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. Uvimbe ulianza miaka miwili iliyopita chini ya ufizi wa mbele, mdogo kama punje ya harage. Haukuuma, kwa hiyo hakuna aliyeharakisha. Mahali pa kwanza alipokwenda waling'oa meno mawili wakidhani ni jipu la jino. Pengo likabaki, na uvimbe ukaendelea.

Mzee mmoja wa kanisa alituuliza kwenye kamati: kwa nini tuchangie vipimo, tusisubiri kuchangia upasuaji? Ni swali la haki, na jibu lake ndilo sababu ya barua hii.

Madaktari wanaona dalili za uvimbe usio saratani. Tuliposikia hivyo tulipiga makofi, mapema mno. Upo uvimbe uitwao ameloblastoma, ambao si saratani lakini unakula mfupa wa taya polepole, na ukikwanguliwa tu mara nyingi hurudi. Ule wa kawaida hupenda nyuma, kwenye magego, na kwenye eksirei huonekana kama povu la sabuni. Wa binti yetu uko mbele, na picha yake ina weusi na weupe uliochanganyika, kingo hazieleweki. Huenda ni ugonjwa wa mfupa ambao pengine hutazamwa tu au kupunguzwa. Huenda ni ameloblastoma ya aina adimu, desmoplastiki, ambayo kwa picha hufanana sana na ugonjwa huo. Ikiwa ni hiyo, daktari hukata uvimbe pamoja na sentimita moja au mbili za mfupa usio na ugonjwa kuuzunguka. Tofauti yake ni kidevu cha mtu!

Eksirei peke yake haiamui. Inatakiwa CT scan kuona uvimbe umefika wapi, na baiopsi, yaani kinyama kinachokatwa na kusomwa kwa hadubini na mtaalamu wa patholojia. Kinyama cha kwanza kilikuwa kidogo, wakaona nyuzi ngumu tupu. Katika aina hii adimu chembe zenyewe za uvimbe ni chache, zimebanwa katikati ya nyuzi hizo, hivyo kipande kidogo huweza kuzikosa. Sasa ameandikiwa rufaa Muhimbili kikatwe kikubwa zaidi.

Vipimo, nauli ya watu wawili na malazi ni shilingi 1,150,000. Jumuiya zimeshatoa 510,000. Zimebaki 640,000.

Bahasha atazipokea mhazini mlangoni, na ahadi zitaandikwa. Asiye na fedha alete viazi, parachichi au jogoo, tutapiga mnada. Mwaka jana jogoo mmoja alinunuliwa mara saba na bado akarudishwa madhabahuni, kwa hiyo msimdharau jogoo. Kina mama wa kwaya, tunaomba mmoja wa kumsindikiza. Ajitokeze kabla ya Jumapili.

Basi lao linaondoka Jumatano alfajiri.

Katibu, Kamati ya Huduma za Jamii