Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Mstahiki Meya, Kuhusu Majengo ya Kale ya Umma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mstahiki Meya. Mkuu wa Shule. Walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Leo tuna jambo moja tu: mjadala wa kuuza majengo ya kale ya umma katikati ya jiji letu la Dar es Salaam ili yapishe maghorofa.

Mgeni Rasmi, wanaotaka yauzwe tumewasikia, na hoja zao si za kupuuza. Kiwanja cha Posta au Kivukoni kina bei kubwa, mapaa yanavuja, na kata zinalilia madarasa na mitaro. Madarasa hayo tunakaa sisi. Lakini fedha za mauzo huingia mara moja zikaisha, na jengo likishavunjwa ndiyo basi. Wengi mliopo hapa mnalikumbuka jengo la kale la Salamander pale Barabara ya Samora, lililovunjwa. Sisi tunalijua kwa picha.

Katika ziara yetu ya masomo tulifika Boma la Kale, lililojengwa enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, mwaka 1866 hadi 1867. Tulizigusa kuta zake za mawe ya matumbawe, tukainua macho kwenye boriti za mikoko, tukasimama mbele ya mlango wake wa nakshi huku magari yakinguruma kuelekea bandarini. Jengo hilo lilikarabatiwa, na mwaka 2017 likafunguliwa kuwa kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam. Mtu anaingia, anajifunza. Ukumbi wa Karimjee nao, ambako Bunge lilikuwa likikutana, hadi leo ndiko taifa linakoagia watu wake.

Kilichotushtua ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sultani Majid aliujenga mji huu miaka michache baada ya hapo! Kwa hiyo karibu kila jengo la kale la katikati ya jiji halina kinga hiyo mpaka Waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Wakati huohuo, mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 unalindwa na sheria hiyohiyo. Mlango una kinga, ukuta unaoushikilia unasubiri tangazo.

Mgeni Rasmi, tunaomba Halmashauri isiuze jengo lolote la kale la umma kabla wananchi hawajaitwa kutoa maoni, na tangazo libandikwe kwenye jengo lenyewe, mahali mpita njia anaposoma. Pale ambapo fedha inahitajika kweli, jengo lipangishwe kwa mkataba unaombana mpangaji kulikarabati bila kulivunja. Na zaidi ya yote, orodha ya majengo yanayostahili kutangazwa iandaliwe na ifikishwe kwa Waziri.

Kwenye orodha hiyo sisi tupo tayari kufanya kazi. Tunaweza kupita mtaa kwa mtaa, kupiga picha, kupima na kuwahoji wazee. Tunachohitaji ni barua ya utambulisho kutoka ofisini kwako, tuanze likizo ya Juni.

Naomba kuwasilisha.