Kikao saa tano, na mimi niko jikoni

Shoga yangu Neema,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ni baridi tu. Najua umeninunia, tangu arobaini ya bibi sijakuandikia hata mstari. Nisamehe. Leo nina shida, na usicheke.

Hapa kwenye kituo cha mafungo wameunda kamati ya haki, usawa na ujumuishi. Meneja kaja mwenyewe jikoni, kanikuta naengua povu la maharage, akaniambia wananihitaji sana kwenye kamati. Nikafurahi, nisikudanganye. Nikauliza inakaa lini. Jumanne saa tano asubuhi. Neema, saa tano! Wageni arobaini wanakula saa sita kamili, na ile kengele yao haijui kusubiri. Nani apakue? Akasema basi wataniletea muhtasari.

Nia wanayo, tusiwaonee. Mwezi uliopita walitupakia kwenye basi kutoka huku milimani North Carolina mpaka Penn Center, kisiwa cha St. Helena, South Carolina. Ilianza kama shule mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, kuwafundisha watu waliotoka utumwani. Miaka ya 1960 Martin Luther King na wenzake wakawa wanakwenda pale kupumzika na kupanga mambo yao, maana huku Kusini mahali ambapo weusi na weupe wangelala na kula pamoja palikuwa pa kuhesabu. Wenzangu walisimama mbele ya nyumba aliyokuwa akifikia, wakalia. Mimi nikawa nawaza aliyekuwa akiwapikia ni nani. Na hao Wagullah wa kisiwani, wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani, wali wao na bamia zao, nusura niite shangazi! Hayo nitakusimulia siku nyingine.

Tumerudi, kikatundikwa kibao mlangoni kwamba ardhi hii ilikuwa ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa huku. Kibao kizuri. Lakini bei ya kulala haikushuka hata senti, na wiki ileile akaja mama mmoja wa kitimwendo. Ukumbi wa chakula una ngazi sita. Nikawa nampelekea sinia chumbani. Siku ya pili nikabeba na sahani yangu, nikala naye. Anapenda pilipili kama wewe. Jioni nikaitwa pembeni: wafanyakazi hawali na wageni. Nikauliza, na ile sheria ya 1990 ya watu wenye ulemavu? Nikajibiwa haizibani taasisi za dini. Nimeulizia kwingine, ni kweli, haizibani. Sasa fundi wa kuziba ngazi sita kwa zege anahitaji sheria au mchanga?

Na kikao kiko saa tano, Neema. Muhtasari nitausoma na mikono yenye sabuni.

Hebu niambie, nyie pale kituoni kwenu Moshi mlipoanza kuwapokea watu walipe kwa kadiri ya uwezo wao, pengo la fedha mlilizibaje? Mkuu wenu alikubali vipi, au ni Sista Paulina alimbana? Nikiomba kikao kihamie saa nane wataniona mkorofi? Au niingie hivyohivyo, halafu masufuria yakiungua ndipo waelewe? Na yule kaka yako kaoa kweli, au maneno ya Mama Tusa?

Nijibu kabla ya Jumanne, hata kwa sauti.

Wako,
Rehema